Mguu Usiosikia Panya

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Dakta Zulfiqarali Abbas, ambaye jina lake linafahamika mbali kwa tiba ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa waliofika kliniki na vidonda vya miguu vilivyosababishwa na panya. Mtu amelala, panya anapanda kitandani, anamtafuna vidole, na mwenye vidole haamki. Asubuhi ndipo anakuta damu kwenye shuka.

Waswahili tuna maelezo yetu ya siku nyingi kuhusu jambo hili: panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala hashtuki. Tunayatumia hata kwa binadamu, tukasema fulani anauma na kupuliza. Ila kwa wagonjwa wale panya hakuwa na haja ya kupuliza. Kisukari kilikuwa kimeshapuliza miaka kadhaa kabla yake, mpaka mguu ukasahau kusikia.

Tukitajiwa madhara ya kisukari, wengi tunaanza kuorodhesha viungo: macho, figo, moyo, miguu. Orodha ni ya kweli na kila bango la kliniki linayo. Kisichoelezwa na orodha ni kwa nini mtu mwenye akili zake timamu, aliyeambiwa yote hayo na kuyaelewa, anaacha dawa. Haielezi pia jinsi madhara hayo yanavyoingia kwenye siku ya mtu, kuanzia anapoamka hadi anapotafuta usingizi. Nadhani ufunguo uko kwa yule panya. Madhara ya kisukari huuma na kupuliza, na mara nyingi yanakuja yakiwa yamevaa sura ya nafuu. Tiba yake, kwa bahati mbaya, huuma bila kupuliza.

Namba ya kadi na siku ya mtu

Kadi ya kliniki imejaa namba: sukari ya asubuhi kabla ya kula, presha, uzito, na HbA1c pale ambapo kipimo kipo na mgonjwa ana fedha ya kukilipia. Ni namba za maana. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 (milimoli kwa lita) na kurudia hivyo, huyo ana kisukari; HbA1c nayo hutoa picha ya wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3, kwa hiyo haidanganyiki na mtu aliyejinyima wali siku mbili kabla ya kliniki. Wapo, tena wengi.

Lakini ukimuuliza mgonjwa huyohuyo hali yake, hatakujibu kwa namba. Atakwambia halali usiku kwa sababu nyayo zinawaka moto. Atakwambia ameacha kwenda misibani kwa kuwa anakojoa kila baada ya muda mfupi na anaona haya kuulizia choo nyumba ya watu. Fundi cherehani atakwambia siku hizi uzi anatungiwa na mjukuu.

Hayo ndiyo yanayoitwa ubora wa maisha. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwezi Aprili 1948, ilishasema kwamba afya ni mtu kuwa vizuri kimwili, kiakili na kijamii, na kwamba kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi. Watafiti wamejaribu kulipima jambo hili kwa madodoso. Mojawapo linalotumika sana, EQ-5D, lina mambo matano tu: je, unatembea? Unaoga na kuvaa mwenyewe? Unafanya shughuli zako za kila siku? Una maumivu? Una wasiwasi au huzuni? Hakuna hata swali moja linalouliza sukari yako ni ngapi. Mtu anaweza kuwa na 6 kwenye kadi na akafeli yote matano. Mwingine ana 15 na anayapita yote akiimba. Huyu wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi.

Mshipa upi?

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Neno mshipa tumelibebesha karibu kila kitu kilicho kama kamba ndani ya mwili: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na ngiri nayo wengine wanaiita mshipa. Daktari akisema sukari imeharibu mishipa, mgonjwa anatoka na picha isiyo na umbo.

Tuitenganishe. Damu yenye sukari nyingi kwa muda mrefu huchakaza kuta za mishipa ya damu. Ile midogo kabisa, myembamba kuliko unywele, imejaa mahali patatu: nyuma ya jicho, ndani ya figo, na kandokando ya mishipa ya fahamu, ambako kazi yake ni kuilisha. Ikichakaa huko, jicho, figo na mishipa ya fahamu vinaharibika. Neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu, zina balaa la pili, maana sukari iliyozidi huzidhuru pia moja kwa moja kutoka ndani. Kisha kuna mishipa mikubwa ya damu, inayokwenda kwenye moyo, ubongo na miguu. Hiyo hujaa utando wa mafuta na kuziba, na presha ikiwapo, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili (kile kinachowapata wengi zaidi, hasa watu wazima), mambo huenda kasi zaidi.

Kazi hii haisubiri mtu apimwe. Utafiti mkubwa wa Uingereza unaojulikana kwa kifupi UKPDS, ulioanza mwaka 1977 na kuhusisha wagonjwa 5,102 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, ulikuta takriban nusu yao wana dalili fulani ya kuharibika kwa viungo siku wanayoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana ugonjwa. Kwa maneno mengine, mgonjwa anaposimulia kwamba kisukari chake kina mwaka mmoja, anahesabu tangu siku ya kipimo. Mwili una hesabu yake.

Miguu

Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazoshuka mpaka kwenye vidole vya miguu, na ndizo huanza kufa. Ndiyo maana dalili huanzia kwenye vidole, zikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Zikifika magotini, mikono nayo huanza.

Kwa wengi hatua ya kwanza ni moto. Wagonjwa husema miguu inawaka, inachoma kama sindano, inatembewa na sisimizi. Mchana inavumilika kwa kuwa kuna shughuli. Usiku ndio mtihani, hata shuka likigusa kidole ni adhabu. Mtu anatoa miguu nje ya kitanda, anaikanyagisha sakafu ya saruji apate ubaridi, anarudi, anatoka tena. Asubuhi amechoka, na uchovu ule haumo kwenye kadi. Ukiongeza kwamba sukari iliyopanda inamwamsha kwenda msalani mara nne, utaelewa kwa nini baadhi ya wagonjwa husinzia mchana dukani na watu wakawaita wavivu. Dawa za kupunguza moto huu zipo, na baadhi si ghali, lakini mgonjwa asiyesema hapewi, na wengi hawasemi kwa sababu wanadhani ni baridi yabisi au uzee.

Halafu siku moja moto unazimika. Mgonjwa anafurahi. Anamwambia jirani kwamba ile mizizi aliyochemsha imemsaidia, au kwamba Mungu amejibu. Kumbe kilichotokea ni kwamba neva zilizokuwa zinalia zimekufa.

Kuanzia hapo mguu ni mgeni kwa mwenye nao. Atakanyaga msumari asijue. Atatembea nao ndani ya kandambili mpaka jioni. Kiatu kipya kitambana na kumtoa malengelenge bila yeye kukunja uso. Na kuna jambo ambalo ni letu hasa: kukanda. Mguu ukifa ganzi, mapenzi ya nyumbani yanaleta beseni la maji ya moto, mafuta ya nazi na kitambaa. Mkandaji anapima joto kwa mkono wake, lakini mkono uliozoea kuepua sufuria una kipimo chake, na mguu hauna la kusema. Ngozi inatoka. Wengine hujichoma kwa kuota moto wa jiko la mkaa nyakati za baridi, Mbeya au Njombe. Kidonda kinachozaliwa hapo kinakuta damu haifiki vizuri na sukari inalisha wadudu, kinageuka kuwa donda ndugu.

Makadirio yanayokubalika na wataalamu ni kwamba kati ya watu 100 wenye kisukari, 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao, na kati ya wanaopona, karibu 40 kwa 100 kitawarudia ndani ya mwaka mmoja. Hili la kurudia ndilo linalobadilisha maisha kimyakimya. Mtu aliyewahi kuwa na kidonda haendi tena shambani bila kufikiria miguu. Hasimami muda mrefu, hachezi ngoma, hakimbilii daladala.

Mkono nao una yake. Mwaka 2002 madaktari walieleza kwa kina wagonjwa wa Dar es Salaam ambao mchubuko mdogo wa kidole au kuumwa na mdudu kuligeuka, ndani ya siku chache, kuwa mkono uliovimba na kuoza. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza mkono, wapo waliofariki. Waliuita ugonjwa wa mkono wa kisukari wa nchi za joto. Dawa kubwa kuliko zote ilikuwa kuwahi. Waliochelewa walichelewa kwa sababu jeraha lilikuwa dogo mno kumtoa mtu nyumbani.

Kuhusu kukatwa mguu, mitaani kuna imani kwamba ukikatwa tu umekufa. Imani hii haikuanguka kutoka mbinguni. Watu wamewaona ndugu zao wakikatwa na kuzikwa mwezi uleule, kwa sababu waliletwa hospitali sumu ikiwa imeshaingia kwenye damu. Kwa hiyo anayefuata anakataa, anachelewa, na anapokubali hali ni ileile ya yule aliyemtisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza Tanzania na India mpango wa kuwafunza madaktari na wauguzi wa mikoani kuutunza mguu wa kisukari hatua kwa hatua, na uzoefu wake ulionyesha kwamba wengi wa waliokuwa wakikatwa hawakupaswa kufika huko.

Anayekatwa na kupona anarudi kwenye nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Choo ni cha kuchuchumaa. Daladala ina ngazi ndefu na konda ana haraka. Msikitini atasalia kitini, nyuma ya safu, na ingawa dini imemruhusu, ataona kama amepewa nafasi ya mgeni. Mguu wa bandia unasaidia sana, ila unahitaji ule mguu uliobaki uwe mzima, na uliobaki una kisukari kilekile.

Nafuu nyingine za uongo

Figo hupuliza kwa ustadi kuliko kiungo chochote. Kila moja ina vichujio vidogo takriban milioni moja, na mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa yake akaendelea kwenda kazini kama kawaida. Kinachotangulia ni protini kuvuja kwenye mkojo, jambo ambalo halionekani kwa macho mpaka lipimwe. Kisha huja kitu ambacho nimeona kinawachanganya hata watu waliosoma: sukari inaanza kushuka yenyewe. Mzee aliyekuwa akidunga yuniti 30 za insulini anaona 20 zinatosha, baadaye 12. Familia inashangilia. Kuna aliyempa majani fulani, na majani yale sasa yanapata soko mtaa mzima. Ukweli ni kwamba figo husaidia kuiondoa insulini mwilini, na zinapochoka, insulini, ambayo kazi yake ni kushusha sukari, hukaa muda mrefu zaidi ikifanya kazi. Sukari nzuri ya ghafla kwa mgonjwa wa miaka mingi ni sababu ya kupima figo.

Figo zikishindwa kabisa, maisha yanapangwa upya kuzunguka mashine. Kusafisha damu ni kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, na hapo hujahesabu safari na ile jioni ya uchovu inayofuata. Hakuna waajiri wengi wenye subira hiyo, na mkulima hana wa kumwombea ruhusa. Maji anapimiwa, kwenye joto la Tanga au Lindi, kwa vikombe. Matunda mengi anakatazwa kwa sababu ya madini ya potasiamu. Upandikizaji wa figo ulifanyika nchini kwa mara ya kwanza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka uliofuata. Kabla ya hapo njia ilikuwa kupelekwa India. Ni hatua kubwa, ila inahitaji ndugu wa kujitolea figo na dawa za maisha.

Macho yana mtindo wao. Vijishipa vya nyuma ya jicho huvuja na kuziba, kisha mwili, katika kujitetea, huotesha vipya dhaifu ambavyo hupasuka. Mpaka vinapasuka mtu anaweza kuwa anasoma gazeti vizuri. Ndiyo maana kupima macho kila mwaka hakutakiwi kusubiri ukungu. Kilimanjaro ulianzishwa mpango wa kuwapiga wagonjwa wa kisukari picha za nyuma ya jicho kwa utaratibu huo, ukishirikiana na KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Tatizo linalobaki ni matarajio. Mgonjwa anachomwa mwanga wa leza, anatoka akisema mbona sioni tofauti. Leza kwa kawaida hulinda uoni uliobaki, hairudishi uliokwisha potea. Asiyeelezwa hivyo mapema anadhani ametapeliwa na harudi kwa awamu ya pili. Na uoni ukipungua, kisukari chenyewe kinakuwa kigumu kukitunza: hasomi mistari ya sindano ya insulini, haoni kidonda kwenye wayo, haoni namba kwenye kimashine cha kupimia.

Moyo nao unaweza kupata mshtuko bila maumivu ya kifua, kwa kuwa neva za kuyabeba zimekufa. Mgonjwa anahisi kichefuchefu na jasho, anaambiwa ni vidonda vya tumbo.

Yasiyosemwa mbele ya nesi

Utafiti uliofanywa kwa wanaume wa kliniki ya kisukari Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa nguvu za kiume. Zaidi ya nusu! Lakini kaa kwenye benchi la kliniki hiyo au nyingine yoyote, utasikia habari za dozi na vyakula, hilo hutalisikia. Chumba kina pazia tu, nesi ni umri wa binti yake, na mke yuko nje amebeba kadi.

Kwa hiyo jambo linahamia nyumbani na kubadilika jina. Mume anachelewa kurudi ili amkute mwenzake amelala. Mke anahesabu majira na kuanza kufikiria nyumba ndogo. Yeye mume anafikiria amerogwa, na kwenye nguzo ya umeme kuna karatasi yenye namba ya simu inayotibu kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, siku tatu tu. Baadhi ya dawa hizo za vichochoroni huwa zimechanganywa na dawa za hospitali bila kusemwa, na kwa mwenye moyo ulioharibika hilo ni hatari ya kufa. Wanawake wanapata yao, fangasi zisizoisha na ukavu unaofanya tendo liwe maumivu, na kwao ukimya ni mzito zaidi kwani hata karatasi ya nguzo haiwataji. Ndoa ikivunjika kwa sababu hii, hakuna atakayeandika kisukari kama chanzo.

Upande wa moyo usiopimwa kwa mashine, tafiti nyingi zimekubaliana kwamba sonona huwapata watu wenye kisukari takriban mara mbili zaidi ya wasio nacho. Wagonjwa wetu wana neno lao, mawazo. "Sukari yangu inapanda kwa mawazo." Hawajakosea, homoni za msongo hupandisha sukari kweli. Ila mshale unakwenda pande zote mbili: madhara yanaleta mawazo, mwenye mawazo hana nguvu ya kutembea wala kukumbuka vidonge, sukari inapanda, madhara yanaongezeka. Pamoja na sonona kuna kitu kingine ambacho si ugonjwa, ni kuchoka tu. Kuchoka kuwa mgonjwa kila siku, bila likizo, hata sikukuu.

Kwa nini dawa ndiyo inayolaumiwa

Sikukuu zinatuleta kwenye sinia. Kula Uswahilini ni kula na watu. Mkono wako na wa mwenzako kwenye wali mmoja. Mwenye kisukari anapowekewa kisahani chake pembeni, hata kwa nia njema, ametengwa. Mwenye shughuli atamwambia "onja kidogo tu, haidhuru", na akikataa ameonekana anaringa. Dodoso la Kiingereza lililotungwa mahususi kwa wenye kisukari, ADDQoL, linauliza maisha yangekuwaje kama mtu asingekuwa na ugonjwa huu, na katika nchi nyingi lililotumika, jambo linalojitokeza kuumiza zaidi ni uhuru wa kula upendacho. Figo na macho mgonjwa bado hajayahisi. Chakula amekihisi leo mchana.

Ramadhani ni mfano mkali. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 ukihusisha Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari ulionyesha kwamba karibu 8 kati ya 10 wenye aina ya pili walifunga angalau siku 15, na kwamba visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka mwezi huo mara 7 na nusu kwa aina ya pili, na karibu mara 5 kwa aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi insulini. Watu wale hawakuwa wajinga wa ruhusa ya mgonjwa kula. Walikuwa wanataka kuwa kama wenzao wakati wa futari. Daktari anayesema tu "usifunge" na kufunga faili anaachia mgonjwa ajipangie dozi peke yake gizani. Anayekaa naye wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wakapanga dawa, daku na siku za kupima, ana nafasi ya kusikilizwa.

Kushuka kwa sukari ndilo pigo la wazi kuliko yote la tiba. Mwendesha bodaboda amekunywa kidonge asubuhi, abiria wamefululiza, hajala. Mikono inatetemeka, jasho jembamba, maneno yanapinda, watu wanasema amelewa. Akinusurika siku hiyo, hofu inabaki. Wapo wanaoamua kuishi na sukari ya juu makusudi kwa sababu ya juu haiwaangushi barabarani. Tumlaumu? Kwa macho yake, dawa ndiyo iliyomuuma na ugonjwa ndio unaompuliza.

Hesabu hiyo imepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa UKPDS walichapisha matokeo ya kuwauliza wagonjwa wao kuhusu maisha yao, na jibu lilikuwa bayana: tiba ya kubana sukari na presha haikupunguza ubora wa maisha, madhara ya kisukari ndiyo yaliyoupunguza. Isipokuwa jambo moja, ambalo wagonjwa wetu walishalijua: waliokuwa wakishukwa na sukari mara kwa mara walikuwa na mfadhaiko zaidi. Na kubana huko kuna faida ya kuhesabika. Utafiti mwingine uliokwisha mwaka 1993 kule Marekani na Kanada, kwa watu 1,441 wenye aina ya kwanza, ulionyesha kuwa tiba makini ilipunguza hatari ya kuanza ugonjwa wa macho kwa asilimia 76 na wa neva kwa takriban asilimia 60, ingawa sukari kushuka vibaya kuliongezeka kama mara tatu. Kwa hiyo mgonjwa na daktari wote wana hoja, na lengo la sukari la kijana wa miaka 25 halipaswi kuwa lile la bibi wa miaka 80 anayeishi peke yake.

Fedha nayo imo, sitaizungushia maneno. Vijikaratasi vya kimashine ni ghali, kwa hiyo wengi hupima siku ya kliniki tu. Kidonda kinakula nauli, bandeji, kisha kinakula binti wa nyumba hiyo, anayeacha biashara yake ya maandazi ili amfungie baba kidonda kila asubuhi. Ubora wa maisha unaopungua hapo ni wa watu wawili, na wa pili hana kadi.

Kwa mguu, angalau, kuna kipimo kisichodai umeme wala maabara. Ni uzi mmoja wa plastiki uliotengenezwa upinde unapokandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa analala, anafumba macho, na anaambiwa aseme "ndiyo" kila anapohisi kuguswa. Nesi anaugusisha uzi kwenye kidole gumba, kwenye wayo, kwenye kifundo cha kidole kidogo, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Hazipiti dakika tano. Kwa mwenye neva nzima, "ndiyo" zinafuatana kama anahesabu. Kwa wengine chumba kinakuwa kimya, na baada ya muda mgonjwa anafumbua macho na kuuliza kwa upole, "Mbona hujaanza, nesi?"